Undugu wa Dawati Moja

Jamii zetu za asili zilitambua tangu zamani kwamba mtu ana ndugu wa aina mbili: wale aliozaliwa nao na wale aliokua nao. Mmasai humpokea nyumbani kwake mgeni wa rika lake hata kama hawajapata kuonana, kwa kuwa wote wawili wamebeba jina moja la rika. Wanyakyusa wa Rungwe walikwenda mbali zaidi. Wavulana wao walipofikia umri wa miaka 10 hivi walianza kujenga vibanda pembeni mwa kijiji cha baba zao. Vibanda hivyo vikawa nyumba, wakaoa humo, wakazeeka humo, na kijiji kizima kikawa cha watu wa rika moja. Pwani nako, mtu akisema kwamba fulani ni hirimu yake, haulizwi tena kwa nini amemwachia shughuli zake akaenda kumuuguza.

Twayakumbuka haya kwa sababu sisi tuliosoma katika shule za sekondari za bweni baada ya Uhuru tulipewa rika la namna mpya. Halikuwa rika la kabila wala la mtaa. Lilikuwa rika la Taifa, na waliolipanga hawakuwa wazee wa jando bali maofisa wa elimu, waliomchagua mtoto wa Newala kwenda kusoma Musoma na mtoto wa Musoma kwenda kusoma Iringa. Wazee wa zamani walikuwa na taratibu za kulitunza rika mpaka kaburini. Sisi hatukurithishwa taratibu hizo. Ilitubidi tujitungie wenyewe, na katika kujitungia tulikosea. Kosa hilo ndilo tunalotaka kulisimulia, kwani huenda likawafaa walimu na wanafunzi wa leo.

Tuliingia kidato cha kwanza Januari 1972, vijana 40 wa mkondo mmoja, katika shule moja mkoani Tabora. Wengi wetu tulifika kwa gari moshi, kila mtu na waranti yake ya safari mfukoni na sanduku la bati kichwani. Wenzetu wa Mkoa wa Ziwa Magharibi, ambao baada ya vita uliitwa Kagera, walivuka ziwa kwa meli hadi Mwanza ndipo wakapanda gari moshi. Ada ya sekondari ilikuwa imekwisha kufutwa tangu 1964, kwa hiyo mtoto wa mkulima na mtoto wa karani walilala vitanda vilivyopakana. Siasa ya Elimu ya Kujitegemea, iliyotangazwa 1967, tuliijua kwa mikono yetu: tulilima mahindi, tulifuga kuku, tulikata kuni za jiko tukala tulichokipika. Darasani tulifundishwa kwa Kiingereza. Lakini tulipogombana, tulipotaniana na tulipougua usiku wa manane, tulisema Kiswahili. Mwenzetu Mzaramo aliwaita Wanyamwezi watani siku ya kwanza tu, nao wakamwibia sabuni siku ya pili, na kwa njia hiyo sote tukajifunza utani ambao wengine hatukuwa nao makwetu.

Desemba 1975 tuliagana. Tulikuwa tumebaki 34. Baadhi walikwenda kidato cha tano, baadhi vyuo vya ualimu, baadhi waliajiriwa. Kiranja wetu wa bweni alinunua daftari la kurasa 96, akaandika jina la kila mmoja, kijiji chake na sanduku lake la posta. Tuliahidiana kwamba kila mwaka, ikifika Idd au Krismasi, kila mtu atamwandikia kiranja barua moja, naye atatuma habari za wote kwa wote.

Ahadi hiyo iliishi kwa miaka michache. Ndugu msomaji aliyezaliwa katika zama za simu ya mkononi yafaa aelewe jinsi watu walivyoweza kupotezana bila kugombana. Kwanza, katika nchi yetu barua haikupelekwa nyumbani kwa mtu. Ilikwenda katika sanduku la posta, na sanduku mara nyingi lilikuwa la ofisi, la shule, la misheni au la duka. Mtu alipopata uhamisho, sanduku halikuhama naye. Pili, miaka ileile tuliyokuwa shuleni ndiyo iliyokuwa miaka ya Operesheni Vijiji. Baadhi yetu tuliondoka likizo tukiwa na kwao pa zamani, tukarudi likizo iliyofuata tukaonyeshwa kwao papya. Majina ya vijiji yaliyoandikwa katika daftari yalikuwa yamekwisha kuwa mapori au mashamba. Tatu, vilikuja vita vya 1978 na 1979 dhidi ya majeshi ya Idi Amin, na wenzetu wawili hawakurudi. Habari za mmoja wao tulizipata mwaka uleule. Za wa pili zilitufikia baada ya miaka sita, kwa bahati, ndani ya basi.

Ilipofika 1985, kiranja alikuwa akituma barua 30 na kupata majibu 9.

Mwaka 1995, miaka 20 baada ya kuagana, tulifaulu kukutana Dar es Salaam, watu 14. Kiranja alifungua daftari lake na kutuita kwa majina kama alivyokuwa akifanya bwenini, nasi, wazee wazima wenye mvi, tukaitika. Alipomaliza, mmoja wetu aliuliza habari za kijana fulani aliyekuwa akilala karibu na mlango. Kijana huyo alikuwa hodari wa hesabu kuliko sisi sote. Katikati ya 1974, tukiwa kidato cha tatu, baba yake alifariki, naye akaondoka kwenda kuwalea wadogo zake wanne, hakurudi. Kiranja alijibu kwa upole kwamba daftari lile lilikuwa la waliohitimu. Jibu hilo lilionekana la haki. Hakuna aliyepinga, tukaendelea na chakula.

Basi, mwaka 2009 mmoja wetu alipita wilayani Nzega kwa shughuli za kazi, akamkumbuka, akauliza. Alielekezwa mpaka kijijini. Alikuta kaburi la miaka miwili na mjane aliyemkaribisha kiti. Mgeni alipojitambulisha kwa jina lake, mama yule hakuuliza anatoka wapi. Alisema, "Wewe ndiwe wa kitanda cha tisa." Kisha akaanza kututaja mmoja mmoja, kuanzia mlangoni hadi dirisha la mwisho, kwa mpangilio wa vitanda vya bweni letu, na mahali alipokosea mwanawe mkubwa alimsahihisha. Marehemu alikuwa amewafundisha. Jioni, walipokuwa wakipukuchua mahindi, alikuwa akiwasimulia habari zetu: nani alikuwa akiota usiku, nani aliogopa fisi, nani aliwahi kumpa shati.

Mwenzetu aliporudi na kutuhadithia, tulinyamaza kwa muda mrefu. Mtu yule alikuwa ametuhifadhi sote kwa miaka 33 bila daftari wala kalamu. Sisi wenye daftari tulikuwa tumemfuta.

Tulikutana tena, na jambo la kwanza tulilolijadili lilikuwa neno lenyewe. Je, sisi ni waliohitimu pamoja au ni waliosoma pamoja? Ikiwa ni waliohitimu pamoja, basi kinachotuunganisha ni cheti, na cheti ni mali ya mtu binafsi. Ikiwa ni waliosoma pamoja, kinachotuunganisha ni ule wali uliochanganyika na mawe, zile kuni na lile baridi la asubuhi, na hayo kila aliyeyapata ana haki nayo, awe aliyapata kwa miaka minne au kwa miezi minne. Wanyakyusa hawakumwondoa katika kijiji cha rika yule ambaye ng'ombe wake walikufa. Tuliamua kwamba hesabu yetu ianze Januari 1972 wala si Desemba 1975. Tulirudi kutoka 34 hadi 40. Kati ya wale sita walioachwa, mmoja ndiye huyo aliyelala Nzega. Watatu tuliwapata, wakulima wawili na fundi cherehani mmoja. Wawili tungali tukiwatafuta.

Simu za mkononi zimeturahisishia mengi. Tangu 2014 tuna kundi la WhatsApp, na habari ya ugonjwa ambayo zamani ingechukua miezi hutufikia kabla chai haijapoa. Hata hivyo, chombo kipya kilitufundisha kwamba kosa la zamani laweza kurudi likiwa limevaa nguo nyingine. Tulikuwa na desturi ya kutangaza michango ya misiba humo: jina, na mbele yake kiasi alichotoa. Mwenzetu mmoja, mwalimu mstaafu, alijitoa kimyakimya. Tulidhani amekasirika. Wawili wetu walipomtembelea, walimkuta mzima na mwenye furaha ya kuwaona. Alisema tu kwamba mara tatu jina lake lilikuwa limekaa peke yake bila tarakimu, naye hakuweza kulitazama mara ya nne. Kwa hiyo, tulikuwa tumepata daftari jipya la waliofaulu. Siku hizi fedha hutumwa kwa mweka hazina peke yake, kiasi hakisomwi, na mtu huzikwa na wenzake kwa sababu ni mwenzao, si kwa sababu amelipa.

Na katika kuzikana ndipo rika letu hudhihirika. Yule Mzaramo alipofariki, wenzetu Wanyamwezi, vikongwe wenye fimbo, walikaa mlangoni wakazuia jeneza lisitoke mpaka wapewe sabuni, wakidai deni la 1972. Ndugu wa marehemu, waliokuwa wakilia, walicheka, kisha wakalia tena kwa nafuu. Watoto na wajukuu waliuliza wazee hawa ni nani. Walijibiwa kwamba ni ndugu wa marehemu, na jibu hilo lilikuwa kweli.

Wahenga walisema milima haikutani, bali binadamu hukutana. Sisi tumejifunza kwamba binadamu nao hawakutani wenyewe. Hapana budi awepo mmoja wa kuwatafuta wengine, na awepo wa kuuliza ni nani hayumo katika orodha. Walimu wanaosoma makala haya wana madaftari ya mahudhurio mikononi mwao. Mwanafunzi anapoacha shule, jina lake hupigwa mstari. Twawaomba, kabla ya kupiga mstari huo, waandike pembeni amekwenda wapi na kwa sababu gani. Mwaka 2021 serikali iliruhusu waliokatiza masomo, wakiwamo wasichana waliopata ujauzito, kurejea shuleni. Na huwezi kumwita arudi mtu ambaye hujui aliko.

Nanyi wanafunzi, siku ya kuagana mtapiga picha na kuandikiana namba za simu. Fanyeni hivyo. Halafu kaeni pamoja kwa saa moja, mkumbuke kuanzia siku ya kwanza mlipoingia, kitanda kwa kitanda, dawati kwa dawati, na mwandike pia majina ya wale ambao siku hiyo hawatakuwapo. Sisi ilituchukua miaka 34 kufanya kazi hiyo ya saa moja, na tulipoifanya, mmoja aliyestahili kuliko wote kuitwa hakuweza tena kuitika.