Pua yangu ilinionya, nami nikakataa kusikia

Kuna kosa moja nililolitenda ambalo sijawahi kuliandika gazetini, ingawa kazi yangu ni kuandika. Leo nalitoa kifuani, si kwa kutaka kuhurumiwa, bali kwa sababu huenda siku moja nawe ukajikuta mahali nilipokuwa.

Ilikuwa Novemba 2020, wakati wimbi la pili la korona lilipokuwa likivuma nchini. Nilikuwa nimepanga chumba mjini Voi, mtaa wa Sofia, nikifuatilia maisha ya madereva wa malori wanaoacha barabara kuu ya Mombasa na kushika njia ya Mwatate hadi mpaka wa Taveta. Asubuhi ya Jumatano nilibandika maziwa jikoni, nikayapa mgongo, nikawa napitia karatasi zangu. Mara nikasikia mlango ukigongwa kwa kishindo.

"Dada! Ni nini kinachoungua huko kwako?"

Kugeuka, loo! Maziwa yalikuwa yamekauka na sufuria imekuwa nyeusi tititi. Jirani aliyekuwa nje alikuwa amesikia harufu, lakini mimi niliyekuwa hatua mbili kutoka jikoni sikusikia chochote. Nikafungua kopo la kahawa na kulisogeza puani. Kimya. Nikakata kitunguu. Macho yalitoa machozi kama kawaida, lakini pua haikuniambia lolote. Ajabu ni kwamba haikuwa imeziba. Nilipumua vizuri, sikukohoa wala sikuwa na homa.

Hapa ndipo aibu yangu ilipo, msomaji. Mimi si mtu ambaye hakuambiwa. Kazi yangu ilinipitishia habari hizi mikononi. Nilikuwa nimesoma kwamba mnamo Machi 2020 madaktari wa pua na masikio wa Uingereza walitoa onyo kuhusu watu wanaopoteza uwezo wa kunusa ghafla, na kwamba tarehe 18 Mei mwaka huo serikali ya nchi hiyo iliiongeza ishara hiyo rasmi kwenye orodha ya dalili za korona. Lakini kusoma jambo kazini na kuliamini linapokupata ni mambo mawili tofauti. Nilijiambia ni vumbi la Voi. Na kila mlango wa duka nilioingia, askari alinielekezea kile kibunduki cha kupima joto, akanisomea 36 na ushei, nami nikapita nikiwa nimetulia moyo.

Jumamosi nikapanda matatu kwenda Wundanyi kumwona mama.

Mama alikuwa amenipikia kimanga cha muhogo na maharagwe, chakula ambacho nikikila mjini huwa nasema si kama cha nyumbani. Siku hiyo ningekuwa nimepewa udongo ningekula vivyo hivyo. Nilihisi chumvi ulimini, nikahisi ulaini na joto lake, basi. Utamu ule tunaodhani uko ulimini, kumbe sehemu kubwa ni kazi ya pua. Mama aliniangalia kwa muda.

"Mwanangu, leo hata kusifu hujasifu," akasema. "Unakula kama mtu anayemeza dawa."

Nikamwambia ni uchovu wa safari. Tukakaa jikoni hadi usiku, mlango umefungwa kwa sababu ya baridi ya milimani, tukipiga gumzo karibu karibu kama mama na binti yake. Barakoa yangu ilikuwa mkobani.

Alhamisi iliyofuata kaka yangu akanipigia simu. Mama anakohoa, na kupumua kumekuwa kwa shida. Alilazwa kwa siku 9, akipewa oksijeni. Nami nilipopimwa, karatasi yangu ilikuwa na neno moja tu la maana: nimeambukizwa.

Siku mama aliporuhusiwa kwenda nyumbani nilimuuliza daktari swali lililokuwa likinikosesha usingizi. Je, mtu kama mimi, asiye na homa wala kikohozi, angewezaje kuwa na virusi vya kutosha kumwangusha mwingine? Na je, pua ilipozimika, ilimaanisha kwamba virusi vilikuwa vimejaa?

Daktari huyo alikuwa na subira. Alinieleza kwamba maabara huchukua kijiti kilichopitishwa puani na kuziongeza chembe za urithi za kirusi kwa mizunguko, kila mzunguko ukizizidisha takriban mara mbili. Sampuli yenye virusi vingi huonekana mapema, kwa mfano katika mzunguko wa 20, na yenye vichache huchelewa, pengine hadi wa 30. Tofauti ya mizunguko hiyo 10 ni kubwa kuliko inavyosikika, kwa kuwa sampuli ya kwanza ina virusi karibu mara elfu moja ya ile ya pili. Lakini akanionya nisiifananishe hesabu hiyo na ile ya Ukimwi tuliyoizoea, ambapo kiwango cha virusi hupimwa katika damu na kufuatiliwa kwa miaka. Katika korona idadi hubadilika siku hadi siku, na hata namna kijiti kilivyoshikwa huweza kuibadilisha. Kwa kawaida virusi huwa vingi zaidi puani na kooni karibu na siku dalili zinapoanza, hata kwa mtu anayejihisi mzima.

Kuhusu pua, tangu hapo nimesoma mengi. Julai 2020 watafiti wa Chuo Kikuu cha Harvard walionyesha kwamba neva zenyewe za kunusa hazina mlango ambao kirusi hiki hupitia. Mlango huo uko kwenye seli jirani zinazozilisha na kuzitunza neva hizo. Ni kama shamba ambalo mwizi hakugusa mahindi bali alibomoa mfereji wa maji: mahindi bado yamesimama, lakini yatanyauka. Kwa hiyo pua yaweza kuzimika bila kuziba, na kwa wengi hurudi baada ya wiki chache, mfereji ukishajengwa upya.

Na wingi wa virusi? Baadhi ya tafiti zilizolinganisha idadi ya virusi na ukali wa kupotea kwa harufu hazikuona uhusiano wa wazi. Tena huko Ulaya tatizo hili lilionekana zaidi kwa walioumwa kidogo kuliko kwa waliolazwa. Maana yake ni kwamba pua si mizani. Haikuambii una virusi vingi au vichache, wala utaumwa sana au kidogo. Inakuambia jambo moja tu: kirusi huenda kimeingia. Mimi nilikuwa nikisubiri mwili uniambie kwa kelele, kumbe ulikuwa umeshaniambia kwa kunyamaza.

Je, ni mimi niliyempelekea mama ugonjwa? Wiki hiyo alikuwa amekwenda sokoni na pia kanisani. Hakuna atakayenipa jibu kamili, na mama mwenyewe hataki nilitafute. "Ulikuja kuniona," ndivyo anavyosema, kisha hubadilisha mazungumzo.

Yangu ilirudi baada ya wiki tatu. Ya mama ilichelewa miezi, na iliporudi ilirudi imepotoka. Kahawa ilimnukia kama mpira unaoungua, vitunguu kama kitu kilichooza. Mwanamke aliyekuwa akijua ndizi imeiva kwa kupita tu karibu na kapu akaanza kukonda, akiogopa jikoni mwake mwenyewe.

Tulijaribu zoezi ambalo Profesa Thomas Hummel wa Dresden, Ujerumani, na wenzake walilieleza mwaka 2009, miaka mingi kabla ya korona. Mgonjwa hunusa harufu nne asubuhi na jioni kwa wiki 12: waridi, limau, karafuu na mkalitusi. Hizi si dawa za kumeza, na si kila mtu hupona, lakini haligharimu kitu. Karafuu na limau tulinunua sokoni, majani ya mkalitusi yakachumwa njiani, na waridi likatoka kwenye ua la jirani. Kila jioni nilipompigia simu nilimuuliza, "Leo nini kimesema?" Kwa wiki nyingi alijibu, "Hakuna." Kisha siku moja: "Karafuu. Kwa mbali, kama mtu aliye ng'ambo ya bonde."

Leo kahawa amerudiana nayo. Lakini harufu ya udongo mvua inapoanza kunyesha hajaisikia tena, na akibandika maziwa humwita mjukuu akae karibu awe pua yake.

Shirika la Afya Duniani lilitangaza Mei 2023 kwamba dharura ya korona imekwisha. Kirusi chenyewe hakikwenda popote, ingawa aina zilizokuja baada ya Omicron huizima pua mara chache zaidi. Kwa hiyo, msomaji, siku harufu ya chai yako itakapotoweka ghafla na pua haijaziba, usingoje homa. Vaa barakoa, nenda ukapimwe, na safari ya kumwona mzee uiahirishe. Asipokuwa na mtu wa kumsaidia kunusa nyumbani, aliyepoteza harufu achunge gesi, moto na chakula kilicholala.

Wahenga walisema mficha maradhi kilio humfichua. Mimi sikumficha mtu mwingine. Nilijificha mwenyewe, na mama ndiye aliyelipa.