Barua kutoka Maryland: Chambo cha Mshahara

Ndugu wasomaji,

Huku Maryland majira ya baridi yameshaingia, shule zimo katikati ya mwaka wa masomo, na jambo linalozungumzwa na walimu saa ya chakula cha mchana si theluji wala mitihani ya watoto, ni barua pepe. Iko desturi iliyoenea katika shule za umma za Marekani, nami nimeona ni wajibu wangu kuwaeleza, kwa kuwa haya yanayotusibu sisi leo yamkini kesho yatabisha hodi kwenu: mwajiri huwaandikia watumishi wake barua za uongo kwa makusudi, akajifanya ayari na mwizi, ili apate kumjua ni yupi kati yao atakayehadaika.

Namna yake ni hii. Idara ya teknolojia hufanya mkataba na kampuni yenye programu ya kutunga barua zinazofanana na za benki, za posta, za ofisi ya mishahara, au hata za mwalimu mkuu mwenyewe, na barua hizo zikatumwa kwa kila mtu, tangu mwalimu wa hesabu hadi mpishi na dereva wa basi la watoto; kisha programu ikakaa ikihesabu kwamba fulani ameifungua, fulani amebofya kiungo, fulani ameandika nywila yake. Aliyebofya hufunguliwa ukurasa wa kumwambia kwamba amenaswa, akaamriwa kutazama filamu ya mafunzo, na jina lake likatiwa katika orodha ambayo mkubwa wake aweza kuisoma. Asilimia za walionaswa hupelekwa mbele ya bodi ya elimu, na tena kwa kampuni za bima, ambazo nyingi siku hizi hazikubali kuikatia shule bima ya uhalifu wa mtandaoni mpaka zione ushahidi kwamba watumishi wanafundishwa.

Nasema kwa insafu kwamba hofu iliyoizaa desturi hii ni hofu ya haki. Mwezi wa Septemba 2022 wahalifu waliingia katika mitambo ya shule za Los Angeles, wilaya ya elimu ya pili kwa ukubwa nchini, wakadai fidia, na walipokataliwa wakazimwaga hadharani nyaraka walizoziiba. Mwaka uliofuata yakawafika watu wa Minneapolis, na miongoni mwa yaliyoanikwa mlikuwamo siri za watoto ambazo hata jirani wa mlango wa pili hastahili kuzijua. Lakini mfano ulio karibu nasi zaidi ni wa Kaunti ya Baltimore, hapa hapa Maryland, ambako Novemba 2020, siku chache kabla ya sikukuu ya Shukrani, wakati watoto zaidi ya laki moja walikuwa wakisomea majumbani kwa kompyuta kwa sababu ya maradhi ya korona, mitambo ya shule ilifungwa na wahalifu, masomo yakasimama, na gharama ya kurudisha mambo mahali pake ikaukaribia mzigo wa dola milioni 10.

Ripoti ya Mkaguzi Mkuu wa Elimu wa Maryland juu ya shambulio hilo ilipotoka Januari 2023, ilidhihirisha jambo ambalo laiti lingebandikwa ukutani katika kila idara ya teknolojia. Mlango wa balaa lile ulikuwa barua ya hadaa, naam. Lakini mtumishi wa shule aliyeipokea aliitilia shaka, hakuipuuza wala hakuificha, akaipeleka kwa wanaohusika, nayo ikapanda ngazi hadi kwa mkandarasi wa usalama, na huyo mkandarasi, aliyelipwa kwa kazi hiyo, ndiye aliyeifungua kwa makosa mahali pasipo salama. Mtu wa kawaida alifanya yote tunayoweza kumtaka mtu wa kawaida ayafanye. Alisema. Na kusema huko, ambako ndiyo ngao ya kwanza ya shule yoyote, hakuzaliwi na ujanja wa macho wala filamu ya mafunzo. Huzaliwa na imani aliyonayo mtumishi kwamba akimwendea mkubwa na shaka yake atapokewa kwa heshima.

Basi natazama imani hiyo inavyotendewa katika shule nifanyayo kazi. Yuko pale mama mmoja, mzaliwa wa Butembo, Kongo, msaidizi wa mwalimu katika darasa la watoto wenye ulemavu, ambaye sisi Waswahili wa pale twamwita Mama, naye hutuita wanawe ijapokuwa baadhi yetu tumeota mvi. Ujira wa wasaidizi kama yeye ni mdogo mno ukilinganishwa na kodi ya nyumba za huku, hata wengi wao wakitoka shuleni jioni huenda kushika kazi ya pili. Asubuhi moja ya Oktoba alinikuta chumba cha walimu, karibu na mashine ya kunakili, simu i mkononi mwake, akanionyesha barua yenye nembo ya ofisi ya mishahara, iliyosema kwamba malipo yake yalikosewa na kwamba anadai dola mia mbili na ushei, abofye hapa apate kuthibitisha. Alikuwa ameshabofya. Juu ya kioo alikuwapo samaki wa katuni, macho yamemtoka, ananing'inia kwenye ndoana, na chini yake maneno ya kwamba haya yalikuwa majaribio, na kwamba amepangiwa somo la dakika ishirini.

Mama hakulia wala hakupaza sauti. Aliniuliza swali moja tu: “Sasa ile pesa iko ao haiko?”

Nikamjibu kwamba haipo, na wala haikuwapo tangu mwanzo. Akailaza simu mezani kifudifudi, akazikusanya karatasi za watoto zilizokuwa zimetoka katika mashine zingali moto, akazilinganisha pembe kwa pembe, akarudi darasani kwake.

Wiki chache baadaye ikafika barua ya kweli, ya kuandikisha upya bima ya afya, jambo ambalo huku hufanywa mara moja kwa mwaka wakati wa vuli, na atakayepitwa na tarehe kwa kawaida hungoja hadi mwaka ufuatao. Barua ile ilitoka kwa kampuni ya nje iliyopewa kazi hiyo na mwajiri. Anwani yake ilikuwa ngeni, kiungo chake kirefu kisichosomeka, na maneno yake ya kuhimiza haraka. Kwa ufupi, ilikuwa na kila alama ambayo somo la dakika ishirini lilimfundisha Mama kuikimbia. Akaifuta. Ilipokuja ya pili akaifuta nayo. Aliyemwokoa ni karani wa ofisi ya shule, ambaye siku ya mwisho alipita darasa hadi darasa na karatasi yake mkononi, akiuliza kwa mdomo wake ni nani hajajiandikisha.

Hali hii haikumpata Mama peke yake. Mwalimu mmoja wa miaka mingi katika kazi aliniambia kwamba siku hizi hafungui chochote kitokacho makao makuu mpaka kwanza awasikie wenzake wakikizungumza. Wengine waliokwisha kunaswa wameamua kunyamaza kabisa, wasije wakaonekana wajinga mara ya pili, na kwa hiyo barua ya mwizi halisi itakapofika, hao hawatamwambia mtu. Na ikumbukwe kwamba hawa ni watu wanaonunua penseli, gundi na vitabu vya darasani kwa fedha za mifukoni mwao, jambo linalojulikana hata serikali kuu ikaliandika katika sheria ya kodi, ikamruhusu mwalimu kupunguziwa kiasi fulani katika mapato yanayotozwa kodi kwa manunuzi hayo. Mtu wa namna hiyo ukimwandikia kwamba amerudishiwa fedha, kisha ukamwonyesha katuni, umemgusa palepale pamuumapo.

Si shule tu. Mwezi wa Mei 2021 kampuni ya treni ya West Midlands Trains huko Uingereza iliwaandikia watumishi wake wapatao 2,500 kwamba itawapa bakhshishi ya kuwashukuru kwa kazi ngumu ya wakati wa korona, na waliobofya wakaambiwa kuwa lilikuwa jaribio. Chama cha wafanyakazi kikahamaki, na ni haki yake, kwa kuwa wako wafanyakazi wa reli walioumwa na waliofariki kwa maradhi yale. Miezi michache kabla yake, Desemba 2020, GoDaddy ya hapa Marekani ilikuwa imewaahidi watumishi wake dola 650 za sikukuu kwa hila hiyo hiyo, kisha ikalazimika kuomba radhi.

Lakini lililoniuma mimi zaidi ni la Chuo Kikuu cha California, Santa Cruz. Agosti 2024 idara yake ya usalama wa mitandao iliwatumia watu wa chuo tangazo la dharura kwamba mtumishi mmoja aliyerejea kutoka Afrika Kusini amepatikana na ugonjwa wa Ebola, wabofye kiungo wapate habari zaidi. Hakukuwa na mgonjwa. Lilikuwa jaribio, na chuo kiliomba radhi, kikakiri kwamba kimeichafua Afrika Kusini bila sababu na kuitia dosari imani ya watu kwa matangazo ya afya. Habari hii nilimsimulia Mama, naye akanyamaza kitambo kirefu, kwani mji wake wa Butembo ulikuwa miongoni mwa ile iliyopigwa na Ebola ya mwaka 2018 hadi 2020, iliyowaua watu zaidi ya 2,200 mashariki mwa Kongo, na anayafahamu majina ya waliozikwa na watu waliovaa mavazi meupe, bila ndugu kuruhusiwa kuwagusa. Maradhi ambayo watu wetu wameyalilia hayafai kuwa chambo cha kumpimia karani wa California.

Ingekuwa madhila haya yanaleta faida, pengine mtu angejikaza akayavumilia. Watafiti wa chuo cha ETH huko Zurich, Uswisi, waliwachunguza watumishi zaidi ya 14,000 wa kampuni moja kwa muda wa miezi 15, wakaona kwamba mafunzo anayopewa mtu mara tu anaponaswa hayakumwongezea kinga, bali yaliweza hata kumfanya anaswe kwa wepesi zaidi. Na watafiti wengine, katika hospitali za Chuo Kikuu cha California, San Diego, wakachunguza watumishi wapatao 19,500 kwa miezi minane, wakakuta kwamba tofauti kati ya waliofundishwa na wasiofundishwa haikupita asilimia 1.7. Walichokiona wale wa Zurich kuwa na nguvu ni kitufe: mtumishi akiishuku barua, abofye kitufe kuiarifu idara ya teknolojia, na taarifa za watu wengi zikikusanywa hivyo huwahi kuutambua ulaghai mpya, wala watu hawakuchoka kuarifu hata baada ya miezi mingi.

Nilipoyasoma hayo nilikumbuka nyumbani. Sisi tuliozoea ujumbe wa “ile hela tuma kwa namba hii” hatukuhitaji kampuni ya kigeni kutufundisha kwamba matapeli wapo. Na Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania ilipotaka kupambana nao, iliwapa wananchi namba 15040 ya kuripotia namba ya tapeli, bila ya kumtega mtu na bila ya kumtangaza aliyekwisha kuibiwa. Huo ndio mwendo wa murua. Mhandisi mmoja wa usalama wa Google aliandika mwaka 2024 akitaka majaribio ya hadaa yafanywe kama zoezi la moto, yaani yatangazwe waziwazi kwamba ni zoezi. Shuleni kwetu kengele ya moto hulia, watoto wakatoka kwa safu hadi uwanjani, walimu wakawahesabu, wakarudi. Na haijapata kutokea mkubwa yeyote akawasha moto nyuma ya mlango ili ajue ni nani atakayeungua.

Kwa hiyo nawaandikia hasa nyinyi mliokabidhiwa mamlaka ya elimu huko nyumbani. Vishikwambi vilivyotumika katika Sensa ya 2022 vimo mikononi mwa walimu wa Tanzania; uhamisho wanauomba kwa mfumo wa mtandaoni wa ESS; na wenzao wa Kenya huzitazama hati zao za mshahara mtandaoni. Wezi watakuja, na nyuma ya wezi watakuja wauzaji wa majaribio haya. Siku watakapokuja, waambieni kwamba mshahara, uhamisho, maradhi na msiba havifanywi chambo. Mwalimu wa Kigoma anayengoja mwaka hadi mwaka kuhamia Tanga aliko mumewe asiandikiwe na serikali yake kwamba ombi lake limekubaliwa ilhali si kweli. Majaribio yatangazwe kabla. Aliyetoa taarifa ashukuriwe mbele za watu, na aliyekosea afundishwe faraghani na binadamu mwenzake. Fauka ya hayo, barua za kweli za ofisi zitoke katika anwani moja inayojulikana, na kila mwalimu apewe namba ya simu ya kupiga na kuuliza, ambayo itapokewa.

Nanyi walimu, mkiletewa mkataba wa namna hii, ulizeni mapema kupitia chama chenu, kabla haujatiwa sahihi. Sisi huku tumeanza kuuliza wakati majina yameshaandikwa katika orodha.

Wasalaam,
Ndugu yenu wa ughaibuni,
Maryland, Marekani