Swali la Kijana Wangu Juu ya Kompyuta ya Nyumbani

Sisi wazazi tumezoea kuwauliza watoto wetu: kalamu hii umeipata wapi, kitabu hiki ni cha nani. Siku watoto wanapotugeuzia swali hilo hilo, ndipo tunapojua kama malezi yetu yalikuwa ya maneno matupu au ya vitendo. Mimi siku hiyo ilinifikia mwishoni mwa Oktoba, 2025. Kijana wangu, mwanafunzi wa kidato cha tatu hapa Tanga, alirudi shuleni akiwa amefundishwa juu ya hakimiliki ya programu za kompyuta. Akaketi mbele ya kompyuta yetu, akayatazama yale maandishi hafifu yaliyo pembeni mwa kioo, yanayosema kwamba Windows iliyomo haijasajiliwa, kisha akaniuliza: "Mama, hii Windows tuliinunua, au ni ya wizi?"

Sikuwa na jibu la haraka. Kompyuta yenyewe tuliinunua mkononi mwa mtu, nayo ni ya mwaka 2013. Fundi mmoja ndiye aliyetuwekea Windows 10 kwa ujira wa shilingi elfu 15. Sikumuuliza habari za leseni. Ukweli ni kwamba sikuuliza kwa sababu jibu nilikuwa nalijua. Mtu hula jasho la mwenziwe kwa utulivu mkubwa pale asipomwona usoni mwenye jasho hilo.

Swali la kijana likaambatana na jingine. Tarehe 14 Oktoba mwaka ule ule, Windows 10 ilifikia ukomo wa huduma zake za kawaida. Kompyuta haizimiki kwa sababu hiyo, lakini matengenezo ya kuziba mianya ya usalama hayaji tena, ila kwa waliojiunga na mpango wa nyongeza. Windows 11 nayo inahitaji kompyuta yenye chipu maalumu ya usalama, ambayo yetu haina. Kununua kompyuta mpya hatukuwa na uwezo.

Na ndani ya kompyuta hiyo mlikuwa na amana ya watu. Mimi ni mweka hazina wa chama chetu cha akiba na mikopo, kina mama 32 wa mtaa mmoja. Hesabu za miaka mitatu, nani ameweka nini na nani anadaiwa nini, zote zilikuwa humo. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Daftari letu sisi lilikuwa ni hiyo kompyuta.

Nikampigia simu mtoto wa kaka yangu, anayesomea fani hiyo chuoni. "Shangazi," akaniambia, "wekeni Linux. Ni halali yenu, na kompyuta hiyo itaiweza."

Ikabidi nijifunze Linux ni kitu gani. Mwaka 1991 mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Helsinki, Finland, aitwaye Linus Torvalds, akiwa na umri wa miaka 21, aliandika kiini cha mfumo wa kuendeshea kompyuta, akakiweka wazi ili watu wakisome na kukirekebisha. Kabla yake, tangu 1983, Mmarekani Richard Stallman alikuwa ameanzisha mradi wa GNU wa kutengeneza programu ambazo kila mtu ana ruhusa ya kuzitumia, kuzichunguza, kuzibadili na kuwagawia wengine. Kutokana na kazi hizo mbili yametokea matoleo mengi. Mojawapo ni Ubuntu, lililoanzishwa mwaka 2004 na Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini, na jina lake ni ndugu wa neno letu "utu". Juu ya msingi wa Ubuntu likajengwa Linux Mint, lililoanza mwaka 2006. Hilo ndilo mpwa wangu alilotuchagulia, katika sura yake nyepesi iitwayo Xfce, kwa kuwa kompyuta yetu ina kumbukumbu ya gigabaiti 4 tu.

Tulipakua faili lake, karibu gigabaiti 3, kwa bando la usiku. Asubuhi mpwa akatuagiza tulihakiki kabla ya kulitumia. Kila faili la namna hiyo huandamana na alama ya utambulisho yenye herufi na tarakimu 64; ukiikokotoa alama ya faili ulilopakua na kuilinganisha na ile iliyotangazwa na watengenezaji, ukakuta zimewiana, umejua kwamba halikuharibika njiani. Kijana akawa anasoma moja moja, nami nafuatisha kwa kalamu, kama tunavyohesabu fedha za chama mara mbili kabla ya kufunga kisanduku. Ziliwiana. Tukaliandika faili kwenye flashi, tukawasha kompyuta kwa kupitia flashi hiyo.

Hapa pana jambo zuri ambalo kila anayesita anapaswa kulijua. Linux Mint hukuruhusu kuijaribu kutoka kwenye flashi pasipo kugusa chochote kilichomo kwenye diski. Tuliizunguka kwa saa nzima. Sauti ilitoka, kipanya kilitii, picha zilionekana. Intaneti isiyo ya waya ndiyo iliyogoma, tukaunganisha simu kwa waya.

Kisha kijana akafungua ukurasa wa kuisakinisha. Ukafika mahali unapouliza: uiweke Linux sambamba na mfumo uliopo, au ufute diski yote? Tulikwisha kukubaliana kufuta, kwa kuwa hatukutaka kubaki na kile tulichokikimbia. Mkono wake ulikuwa tayari kwenye kipanya.

"Ngoja, mwanangu," nikamwambia. "Faili la chama umelihifadhi?"

"Nimelihifadhi tangu jana, Mama. Liko kwenye ile flashi nyingine."

"Lifungue nilione."

Akaichomeka flashi ya pili, akabonyeza. Halikufunguka. Akabonyeza tena. Tukatazama ukubwa wake: kilobaiti 2. Hesabu za watu 32 kwa miaka mitatu haziwezi kuwa kilobaiti 2. Kumbe alichokinakili jana kilikuwa ni ile alama ya njia ya mkato inayokaa kwenye uso wa kompyuta, inayoelekeza faili lilipo. Faili lenyewe halikuondoka mahali pake. Lau angebonyeza neno lile la kufuta, tungebaki na kibao kinachoonyesha njia ya nyumba iliyokwisha kubomolewa.

Sikumkemea, maana hata mimi nisingeijua tofauti hiyo. Nilikaa kimya, nikiwafikiria wale kina mama, na namna ambavyo ningesimama mbele yao. Hakuna ambaye angeniita mwizi, lakini amana haipotei kwa wizi peke yake. Hupotea pia kwa uzembe.

Bahati njema, kwa kuwa tulikuwa bado tunatumia Linux ya kwenye flashi, diski ya zamani ilikuwa salama na ilisomeka. Tukaingia ndani yake, tukalipata faili lenyewe, tukalinakili mara mbili, moja kwenye flashi na moja kwenye simu yangu. Mara hii kila nakala tuliifungua, tukashuka hadi mstari wa mwisho. Ndipo nikasema, "Bismillah, futa." Kazi ilikwisha katika muda usiofika saa moja.

Sasa imepita miezi kadhaa, na ninaweza kutoa ushuhuda bila kupendelea. Kompyuta iliyokuwa ikichukua dakika nne kuamka, sasa huamka kwa dakika moja na kidogo. Intaneti isiyo ya waya ilipatikana siku ile ile, baada ya programu ya Mint yenyewe kututafutia kiendeshi kinachofaa. Hesabu za chama ninaziandika kwa LibreOffice, iliyokuja pamoja na mfumo. Faili la zamani lilifunguka na majumla yote yakabaki sawa. Binti yangu mdogo huandika kazi zake za madrasa kwa herufi za Kiarabu, kutoka kulia kwenda kushoto, bila taabu.

Kasoro zipo. Printa yetu inachapa, lakini sehemu yake ya kuchukua nakala za karatasi ilitusumbua wiki nzima. Barua yenye majedwali, ikitoka kwenye programu nyingine, huweza kufika mpangilio wake umevurugika. Mchezo alioupenda kijana haumo. Baba watoto ana programu ya kazini inayokubali Windows tu, kwa hiyo kazi hiyo huimalizia ofisini. Mwenye kutegemea programu ya namna hiyo asiihame Windows kwa pupa; anunue leseni yake, naye atakuwa na amani ile ile. Na bado menyu tunazisoma kwa Kiingereza, ingawa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilikwisha kuonyesha njia mwaka 2004, ilipotoka programu ya ofisi ya Kiswahili iliyoitwa Jambo OpenOffice. Ni kazi inayowangoja vijana wetu.

Wiki iliyopita kijana alinijia na flashi mkononi. Rafiki yake naye ana kompyuta ya zamani. "Mama," akauliza, "hii naruhusiwa kumpa?"

"Mpe," nikamjibu. "Wenyewe wamekwisha kuruhusu. Lakini kwanza mwambie ahifadhi faili zake, kisha azifungue kwa macho yako wewe."