Chamazi Ilipopata Uwanja

Kabla ya mwaka 2010, mtu wa Chamazi aliyetaka kuona Ligi Kuu alilazimika kwenda mjini Dar es Salaam. Safari ilipitia Mbagala Rangi Tatu, halafu Barabara ya Kilwa hadi Uwanja wa Uhuru au, kuanzia 2007, hadi uwanja mkubwa wa jirani yake, wa watu 60,000, tuliouita Taifa na ambao leo unaitwa Benjamin Mkapa. Kurudi ndiko kulikuwa kazi. Magari ya Rangi Tatu yalijaa hadi mlangoni, na aliyeyakosa alifika nyumbani watu wamelala.

Kwetu kulikuwa na minazi, mikorosho na mihogo. Ujenzi ulipoanza upande wa Mbande, wazee walisema ni ghala. Nani angeleta Ligi Kuu huku? Timu yenye uwanja huo ilikuwa changa: ilianzishwa 2004 na wafanyakazi wa kiwanda cha Bakhresa kwa jina la Mzizima, na 2008 ikapanda Ligi Kuu ikiitwa Azam. Haikuwa na babu wala bibi aliyewahi kuishangilia. Sisi tulizaliwa ndani ya Simba na Yanga. Baba alikuwa Yanga, mama mdogo Simba, na wiki ya watani wa jadi walisalimiana kwa vijembe tu.

Mechi za kwanza wengi tuliingia kwa sababu uwanja ulikuwa karibu, si kwa mapenzi. Mapenzi yalikuja polepole. Uwanja ni mdogo, watu 10,000 hivi, na ukikaa karibu na mstari unasikia kipa akiwapanga mabeki. Wamama walioamka kukaanga mihogo kwa ajili ya wapita njia wakaanza kuulizana ratiba ya ligi. Watoto wakagombania kuwa John Bocco au Kipre Tchetche wa Azam kwenye viwanja vyao vya mchanga, na mchezaji wa Ligi Kuu akawa mtu unayeweza kumwona akishuka kwenye basi, si sauti ya redioni.

Hata hivyo redio ndiyo iliyotuletea siku kubwa kuliko zote. Aprili 2014 Azam walikuwa Mbeya, Uwanja wa Sokoine, dhidi ya Mbeya City, timu iliyowasumbua wakubwa msimu ule. Tulijazana kwenye kibanda cha fundi redio, wengine wakisikiliza kutoka nje. Azam, chini ya kocha Joseph Omog, wakashinda 2-1 na ubingwa ukawa wao, bila kupoteza hata mechi moja msimu mzima. Tangu Mtibwa Sugar mwaka 2000, kombe lilikuwa halijatoka mikononi mwa Simba na Yanga. Baba, Yanga damu, alinipa mkono akasema, "Hongera, mwanangu." Sikuwa nimemwambia kwamba nimehama, alikuwa ameshaona.

Baada ya hapo Afrika ikaja kwetu. El Merreikh ya Sudan ilifungwa 2-0 Chamazi mwaka 2015, na mwaka uliofuata Espérance ya Tunis ikafungwa 2-1. Ugenini Azam walitolewa mara zote mbili, lakini nyumbani hakuna aliyetudharau. Kilichoniuma ni kwamba Simba na Yanga walipokuwa wageni wa Azam, mechi ilihamishiwa Taifa kwa sababu uwanja wetu ni mdogo. Mwenye nyumba anawezaje kumpokea mgeni kwenye nyumba ya mwingine? Simba walipokuja hatimaye kucheza mechi ya ligi Chamazi mwaka 2017, ikaisha 0-0, mimi nilitoka nimeridhika kana kwamba tumeshinda.

Kule Buenos Aires jambo hili, la timu kuwa na nyumba yake mtaani, wanalielewa. Boca Juniors ni ya La Boca, Huracán ni ya Parque Patricios, na mashabiki wa San Lorenzo, waliopoteza uwanja wao wa Boedo mwaka 1979, walipigania miaka mingi kurudi kwenye mtaa wao. Dar es Salaam klabu zetu mbili kubwa, Yanga na Simba, zina makao Jangwani na Msimbazi, lakini mechi za nyumbani zimechezwa kwenye viwanja vya kuazima. Msimu wa 2023/24 Yanga wenyewe waliufanya uwanja wa Chamazi kuwa wa nyumbani, na majukwaa yakajaa njano na kijani.

Azam wakicheza na timu ya mkoani, viti vingi hubaki vitupu, sikatai. Lakini tazama waliokaa: vijana wa Mbande, Kisewe na Msongola, waliozaliwa uwanja ukiwa umeshasimama. Baba zao ni Simba na Yanga. Wao ni Azam.