Kabla ya Kukunja, Chagua Karatasi

Ndugu mtahiniwa, ukichoka na maswali ya maumbo, weka kalamu chini uchukue karatasi. Kukunja karatasi, sanaa ambayo Wajapani huiita origami, ni njia nzuri ya kuona kwa macho yale ambayo kitabu hukuchorea kwa mistari. Jina lenyewe limetokana na maneno mawili ya Kijapani, moja lenye maana ya kukunja na jingine karatasi. Mimi nafundisha Hisabati, na kila mwaka huwapa wanafunzi wangu wa kidato cha nne kazi hii katika miezi ya mwisho. Swali lao la kwanza huwa: “Mwalimu, tukunje nini?” Nami huwajibu kwamba waniambie kwanza wameshika karatasi gani.

Huko Japani kazi imerahisishwa. Zipo pakiti za karatasi zilizokwisha kukatwa mraba, nyingi zikiwa na sentimita 15 kila upande, upande mmoja una rangi na wa pili ni mweupe. Rangi ile ina kazi yake. Michoro ya kufundishia hutofautisha pande hizo mbili ili ujue kama karatasi imegeuzwa au la. Ipo pia washi, karatasi ya jadi inayotengenezwa kwa nyuzi za magome ya miti kama kozo, ambao ni jamaa wa mforsadi. Nyuzi za kozo ni ndefu, ndiyo maana washi inaweza kuwa nyembamba na bado ikakunjwa na kukunjuliwa mara nyingi bila kuchanika. Mwaka 2014 ufundi wa kuitengeneza uliingizwa na UNESCO katika orodha ya urithi wa utamaduni.

Usisikitike kwamba duka la vifaa vya shule mtaani kwenu halina washi. Sadako Sasaki, msichana wa Hiroshima, alikuwa na miaka 2 bomu la atomiki lilipoangushwa juu ya mji wao tarehe 6 Agosti 1945. Mwaka 1955, akiwa na miaka 12, alilazwa kwa saratani ya damu, na akiwa hospitalini akaanza kukunja korongo. Karatasi ilikuwa adimu. Alitumia karatasi zilizofungiwa dawa na nyingine yoyote aliyoipata. Alifariki tarehe 25 Oktoba mwaka huohuo, na baadhi ya korongo wake, wengine wadogo sana, wamehifadhiwa katika makumbusho ya Hiroshima. Karatasi ya dawa ilimfaa kwa sababu ilikuwa nyembamba na ilishika mkunjo. Hizo ndizo sifa mbili utakazozitafuta wewe.

Anza na uzito. Kwenye rimu ya A4 huandikwa gramu 80 kwa mita mraba. Karatasi 16 za A4 hufanya mita mraba moja, kwa hiyo kila moja ina gramu 5, na rimu ya karatasi 500 ina kilo 2.5. Ukiuziwa rimu na ukaitilia shaka, mizani ya muuza sukari itakupa jibu, maana rimu ya gramu 70 haifiki hata kilo 2.2. Kwa kuchapia mitihani watu hupenda ile nzito. Kwa kukunja, mimi naichagua nyepesi. Unene wa karatasi moja ya rimu ni kama milimita 0.1, na kila ukiikunja katikati unene unajizidisha mara mbili. Mikunjo 6 inakupa tabaka 64, yaani zaidi ya nusu sentimita, na hapo vidole vinaanza kulalamika. Mwanafunzi mmoja wa sekondari huko Marekani, Britney Gallivan, mwaka 2002 aliweza kukunja karatasi katikati mara 12, lakini alitumia karatasi ya chooni yenye urefu wa zaidi ya kilomita moja. Alipiga hesabu kwanza, ndipo akaenda kutafuta karatasi. Mpangilio huo naupenda.

Sasa tazama kilichopo karibu yako. Gazeti ni laini mno, mkunjo wake haukai, na wino unahamia vidoleni. Lifanyie mazoezi ya mwanzo tu. Kalenda ya ukutani ya mwaka jana inavutia kwa rangi, ila imepakwa utelezi juu, nao unapasuka kwenye mkunjo na kuacha mstari mweupe. Manila ni nene, inavunjika badala ya kukunjika. (Akira Yoshizawa, fundi mkubwa wa Kijapani aliyeishi kuanzia 1911 hadi 2005, alikuwa akilowesha kidogo karatasi nene kabla ya kuikunja ili ifuate mkono wake, lakini hiyo ni kazi ya baada ya mtihani.) Ukurasa wa daftari unafaa kabisa, mwepesi na mtiifu. Tafadhali usiuchane kwenye daftari lenye notisi. Ukichomoa ukurasa wa mbele, mwenzake wa nyuma utadondoka siku moja kabla hujausoma.

Chaguo langu ni karatasi ya kaki, ile ya kufunikia madaftari. Aina hiyo ya karatasi hutengenezwa hata hapa nchini, kwenye kiwanda cha Mgololo, Mufindi. Ina nguvu kwa sababu nyuzi zake ni ndefu, kama ile washi kwa mbali, nayo inavumilia kukunjwa, kukunjuliwa na kukunjwa tena mahali palepale. Nunua iliyo nyembamba. Kama hata hiyo ni gharama, zipo karatasi za majaribio zilizochapwa upande mmoja, ambazo shule nyingi huzitupa. Upande wenye maandishi na upande mweupe vinakupa zile pande mbili za Kijapani bila kulipa senti.

Jambo moja halionekani kwa macho. Karatasi ya kiwandani ina mwelekeo, kwa kuwa nyuzi zake hulala kufuata mwendo wa mashine. Chukua kipande cha gazeti ukichane kuanzia juu kwenda chini, kisha kingine kutoka kushoto kwenda kulia. Upande mmoja utachanika kwa mstari ulionyooka, mwingine utakwenda kombo. Mkunjo unaofuata nyuzi hukaa vizuri, unaozikata hubisha. Ukiona mkunjo mmoja umekaa na mwingine unajifungua wenyewe, zungusha karatasi nyuzi 90 ujaribu tena kabla ya kulaumu mkono wako.

Nikae kidogo kwenye mraba, maana hapo ndipo wengi wanapoumia. Mwaka mmoja msichana mmoja darasani alikuja na karatasi yake mkononi, machozi yakiwa karibu, akasema, “Mwalimu, Hisabati imenikataa. Hata kukunja siwezi.” Kona zake hazikukutana. Nilimwomba akunje upya kutoka kona hadi kona. Ncha moja ilizidi kwa milimita 4. Karatasi yake, aliyoikata kwa kukisia, haikuwa mraba, na yeye alikuwa amekunja sawasawa kabisa. Wapo wengi kama yeye. Wanajihesabia kosa ambalo ni la karatasi, kisha wanaingia chumba cha mtihani wakiamini hawana kichwa cha somo.

Kwa hiyo pima kabla ya kukunja. Kunja kutoka kona hadi kona, na kona mbili zilizobaki zikutane. Fungua, ukunje kwa kona zile nyingine. Zikikutana tena, pande zote nne ni sawa, lakini usishangilie bado, kwa sababu rombasi nayo ina pande nne sawa. Sasa kunja karatasi katikati, upande juu ya upande. Kona zikilaliana, pembe zote ni nyuzi 90 na unao mraba wa kweli. Hayo ni majaribio matatu ya nusu dakika, na ukiweza kueleza kwa nini mawili ya kwanza hayatoshi, umeshajibu swali zima la maumbo ya pande nne.

Kutoka kwenye A4, ambayo ni milimita 210 kwa 297, lete upande mfupi ulale juu ya upande mrefu, kata kinachozidi, na mraba wako una sentimita 21. Ukitaka kujua kama A4 yenyewe ilikatwa vizuri, linganisha mkunjo wa kona hadi kona wa mraba huo na upande mrefu wa A4 nyingine. Vinatakiwa kuwa sawa, kwa kuwa 210 mara kipeuo cha pili cha 2 ni karibu kabisa na 297.

Baada ya hapo ijaribu karatasi kwa kazi halisi. Weka alama katikati ya upande wa juu. Chukua kona ya chini kulia, ipeleke mpaka kwenye alama hiyo, ubonyeze mkunjo. Kule juu kulia imetokea pembetatu yenye pande za uwiano wa 3, 4 na 5, ile ya Pythagoras unayoijua. Upande wa chini wa karatasi sasa umepanda na kuukata upande wa kushoto. Pima kutoka kona ya juu kushoto hadi pale unapokatwa, utapata sentimita 14, yaani theluthi mbili ya 21. Mjapani Kazuo Haga ndiye aliyeifanya mikunjo ya namna hii ijulikane, na sababu yake utaipata kwa pembetatu zinazofanana. Ukipata 13.6 au 14.5, Pythagoras yuko salama na wewe pia. Rudia yale majaribio matatu kwanza.

Kile kipande ulichokikata kwenye A4 kina milimita 87 kwa 210, nacho usikitupe. Kinatoa miraba miwili ya milimita 87, ya kutosha korongo wawili wadogo kama mkunjo wako umeshakuwa mwepesi. Kitabaki kijipande cha milimita 36 kwa 87. Hicho kiwekee alama ukurasa ulioishia katika kitabu hiki.