Jua Linalokausha Mpunga Linaweza Pia Kukutengenezea Chapa

Leo naweka pembeni mbolea na viwavi, tuzungumze kuhusu jina lako kwenye mfuko.

Tangu mifuko ya plastiki ya kubebea ipigwe marufuku nchini tarehe 1 Juni 2019, mteja anabeba mfuko mbadala, na mfuko huo anautumia tena na tena. Ukiwa na jina lako, unakutangaza bure. Ukiwa mtupu, umemfaidisha aliyekuuzia mfuko.

Hapa Msamvu njia za Dar es Salaam, Dodoma na Iringa zinakutana, na abiria hununua viungo vya Uluguru wakiwa wanapita. Mama mmoja wa kikundi cha viungo kutoka upande wa Kinole aliniuliza: "Bwana shamba, abiria akifika kwake akausifu mdalasini wangu, atamwambia jirani autafute kwa nani?" Sikuwa na jibu. Wachapaji waliowaendea walitaka oda ya mifuko mingi kuliko uwezo wao. Pesa ilikuwa ya kikoba, na muda wa kulipa ada za watoto ulikuwa unakaribia. Tukaamua kutengeneza skrini wenyewe.

Kanuni yake si ngeni. Mwaka 1839 Mungo Ponton wa Scotland aligundua kwamba karatasi iliyolowekwa kwenye chumvi ya daikromati hubadilika ikipigwa na jua. Chumvi hiyo ni sumu, usiitumie. Nunua dawa ya skrini iitwayo dayazo, uichanganye kama kibandiko kinavyosema. Dawa hii ikipigwa na mwanga inakuwa ngumu. Isipopigwa, inatoka kwa maji.

Fundi seremala alitutengenezea fremu, tukavuta juu yake kitambaa chepesi cha pazia hadi kikaza kama ngoma. Tuliipaka dawa nyembamba pande zote mbili ndani ya chumba chenye giza, tukaiacha humo ikauke kabisa. Jina lilichapwa kwa wino mweusi tii kwenye karatasi ya plastiki inayopitisha mwanga.

Siku ya kuanika, tandika kitambaa cheusi juu ya godoro dogo la sponji linaloingia ndani ya fremu, kisha ifunike fremu juu yake. Weka karatasi yenye jina juu ya skrini, upande utakaogusa mfuko, maandishi yakiwa yamegeuzwa. Ukitazama kutoka upande wa ndani unaowekwa wino, yasomeke sawa. Gandamiza kwa kioo, kisha toa juani. Baada ya hapo irudishe kivulini haraka, uimwagie maji taratibu. Palipokuwa na weusi patafunguka, na wino utapita hapo.

Jambo la kushika ni muda. Kwetu, saa 7 mchana, zilitosha dakika 3, lakini usizichukue kama agizo. Dawa, unene wa mpako na mawingu ya Uluguru vinabadilisha kila kitu. Paka kwanza kipande cha majaribio, kifunike kwa kadibodi, na uisogeze kila dakika ili upate sehemu ya dakika 1, 2, 3 na 4. Dawa ikitoka yote, muda ni mfupi. Herufi zikigoma kufunguka, muda umezidi. Jaribio hilo linakula dawa kidogo, lakini linaokoa skrini nzima.

Wino wa maji unafaa kwenye pamba na karatasi ya kaki. Kwenye pamba, ukikauka, piga pasi ili usitoke. Chapa nje tu, viungo vikae kwenye kifungashio chake ndani. Wala usichape alama ya TBS kama huna leseni yake. Kwa ushauri wa vifungashio, nenda SIDO mjini Morogoro.

Kikundi kilichapa mifuko michache kwanza, kulingana na pesa iliyokuwepo, na ada zikalipwa. Hawajatajirika, lakini wateja wameanza kuwaulizia kwa jina.

Kwa hiyo anza na skrini moja, jina fupi na herufi nene. Herufi nyembamba huziba. Ukimaliza kuchapa, osha wino kabla haujakauka, na skrini hiyo hiyo itakungoja msimu ujao.

Kazi njema.