Sanduku la Kale Lapiga Foto Tena



Mtu akifa katika kampi zetu, mara nyingi mtoto mmoja anatumwa: "Kimbia utafute foto ya papa." Mtoto anapekua sanduku la nguo, anafungua Biblia, anauliza kwa majirani. Mwishoni anarudi na karte ya kazi. Foto yake ni ndogo kama ukucha, na muhuri umepita juu ya jicho. Foto zingine zilikuwa katika telefone, na telefone ilikufa na maji ya mvua. Ndivyo mtu aliyelea watoto wanane anazikwa, na wajukuu watakaozaliwa kesho hawatajua uso wake.

Kwa sababu ya jambo hilo nataka kuwaeleza kazi tuliyofanya hapa Mulungwishi, mimi na vijana watatu wa kanisa, pamoja na Papa mmoja seremala aliyepata pensheni yake kisha miaka mingi katika atelye za Panda, kule Likasi. Tulifufua sanduku la foto la mbao.

Sanduku hilo liliachwa na mjomba wangu, ndugu ya mama, aliyekuwa akipiga foto za familia katika kampi za Likasi. Ni aparei ya zamani ya kipimo cha sentimeta 13 kwa 18. Mbele iko na kioo cha lantiye ndani ya pete ya shaba ya njano. Nyuma iko na kioo chenye ukungu, ambapo mpiga foto anatazama akijifunika kitambaa cheusi. Katikati iko na sufle, ile ngozi inayokunjwa kama akordeo. Ukivuta sufle au kuisukuma, sura inakuja wazi au inapotea. Na sura hiyo inaonekana kichwa chini, miguu juu, kwa maana nuru ikipita katika tundu dogo inavukana: ya juu inashuka, ya chini inapanda.

Tulipolifungua, hali yake ilikuwa ya huruma. Sufle ilipasuka katika kila pembe. Kioo cha nyuma kilivunjika. Meno ya shaba yanayosogeza lantiye yalikuwa yameng'olewa na mtu kwa ajili ya mitraye. Sisi wa nchi ya shaba tunajua habari hiyo: kila kinachong'aa kiko na mnunuzi barabarani.

Hapo maneno yakaanza. Kijana mmoja alisema tuuze shaba iliyobaki, kwa sababu wawili kati yetu hawajalipa minerval ya shule. Haikuwa neno la kijinga. Njaa ya masomo ni njaa kweli. Tukaipima ile shaba: haikufika kilo moja. Mwingine akasema tulipeleke Lubumbashi, labda mtu mwenye kupenda vitu vya kale atalinunua na kuliweka ndani ya kabati. Papa seremala alikuwa amenyamaza, anapitisha kidole juu ya mbao. Kisha akasema: "Bana wangu, musiuzishe hii kintu. Mbao yake haiyaoza. Ni ngozi tu ndiyo ilichoka. Kintu chenye kinaweza kufanya kazi, mukipe kazi."

Tukamsikiliza. Lakini yeye mwenyewe aliweka sharti moja: tusikate mbao ya kwanza hata kidogo. Kila kitu kipya kiwe cha kutolewa, ili mtu wa kesho akitaka kulirudisha namna lilivyokuwa, aweze.

Basi kazi ilienda hivi. Sufle tulishona upya kwa ngozi nyembamba ya mbuzi, ndani tukabandika kitambaa cheusi. Tuliikunja juu ya vipande vya karatasi ngumu ili ifuate mikunjo yake. Kisha usiku tuliingiza taa ya tochi ndani, tukazima zingine zote, tukatafuta matundu: kila mahali nuru inapotoka ni mahali inapoweza kuingia na kuharibu foto. Kioo cha nyuma tulikitengeneza kwa kioo cha dirisha. Tulikisugua juu ya kioo kingine na ile pati ambayo mafundi wa garaji wanasagia valvu za motere, mpaka kikawa cheupe kama maziwa yaliyotiwa maji. Mahali pa meno yaliyoibwa, Papa aliweka reli mbili za mbao na vise ya kukaza kwa mkono.

Shida kubwa ilikuwa filamu. Zamani aparei kama hizi zilitumia sahani za kioo, na kwetu huwezi kuzipata. Lakini hospitali nyingi sasa zinapiga radio kwa ordinatere, na filamu zao za zamani zinabaki katika maboksi. Tulipewa boksi moja lililopita tarehe yake. Filamu hizo ni za sentimeta 18 kwa 24. Ukikata katikati unapata vipande viwili vya 12 kwa 18. Sanduku linataka 13 kwa 18, basi Papa aliongeza kipande chembamba cha mbao cha sentimeta moja kujaza pengo. Neno dogo, lakini ndilo lililoliamsha sanduku.

Filamu ya radio haioni rangi nyekundu, basi unaweza kufanya kazi nayo chini ya taa nyekundu bila hofu. Ila iko na dawa pande mbili, na inakwaruzika upesi, basi unaiosha moja moja katika beseni laini. Dawa yenyewe ni ile ya radio. Maji yaliyobaki hatuyamwagi katika mto wala karibu na kisima. Sisi wa sehemu za migodi tumekwisha kuona maji yaliyochafuliwa yanavyofanya kwa samaki na kwa mashamba.

Sanduku letu halina kifungo cha kubonyeza. Unamketisha mtu barazani, penye kivuli chenye nuru, unafunga tundu la lantiye mpaka dogo, unaondoa kofia yake, unahesabu sekunde moja, unairudisha. Ukitumia karatasi ya foto badala ya filamu, unahesabu karibu nane. Muda huo wote mtu asitikisike. Kisha, negativu ikikauka, unaiweka juu ya karatasi ya foto chini ya kioo na kuiangaza kwa nuru ndogo. Au unaipiga kwa telefone mbele ya dirisha, na programu inageuza cheusi kuwa cheupe. Ya kale na ya leo zimekubali kufanya kazi pamoja.

Mtu atauliza: kwa nini taabu yote hiyo, na kila kijana ana telefone? Nitajibu kwa habari ya nchi yetu.

Masanduku ya foto yaliingia Katanga mapema. Kati ya 1898 na 1900, msafara wa Charles Lemaire ulipita huku, na François Michel ndiye alikuwa mpiga foto wake. Foto zake zimehifadhiwa katika makumbusho ya Tervuren, Ubelgiji. John M. Springer na mkewe Helen, ambao Wamethodisti wa Mulungwishi wanawajua vizuri, walivuka Afrika ya kati 1907, na kitabu cha safari hiyo kilichapwa 1909. Kisha Union Minière, iliyoanzishwa 1906, ilipiga foto nyingi za mashine na za wafanyakazi. Mnamo 2006 Sammy Baloji, mzaliwa wa Lubumbashi, alikamata foto za kale za wafanyakazi na kuziweka juu ya foto mpya za mitambo iliyochakaa. Kazi hiyo aliiita Mémoire. Ukiwatazama wale watu, wanakutazama nao. Lakini katika foto nyingi za wakati ule jina halipo. Ni "mfanyakazi", ni "mwanamke", ni "mwenyeji". Aliyeshika aparei alijulikana, aliyeketi mbele yake hakuulizwa.

Hapo ndipo nilipoelewa kazi ya sanduku letu. Sura bila jina ni nusu ya mtu. Kuanzia 2003 zaidi ya wafanyakazi 10,000 wa Gécamines walitoka kazini pamoja, na wengi wamekwisha kufa. Wanaobaki ni wazee wetu, wako karibu, wanaketi nasi kanisani.

Tukaanza nao. Sekunde moja inamtaka mzee aketi, anyooshe shingo, anyamaze. Inamtaka na mpiga foto aulize kwanza: Papa, jina lako ni nani, baba yako aliitwa nani, ulizaliwa wapi, ulifanya kazi gani? Telefone haiulizi. Nyuma ya kila foto tunaandika majibu kwa kalamu ya risasi, maana wino unaweza kupenya karatasi. Mama mmoja mjane alitazama yake kwa muda mrefu. "Kumbe niko hivi?" akasema. Kisha akatupa onyo: "Jina yangu muiandike muzuri. Ile ya karte iko na kosa."

Kosa hilo lilikuwa la herufi moja, na alikuwa amelibeba miaka yote.

Minerval ya vijana wawili haikutoka katika shaba. Ilitoka kidogo kidogo katika foto, kwa maana jamaa za mbali wanaomba kopi na wanachangia. Mmoja amekwisha kulipa yote, mwingine bado nusu.

Vijana, si kila nyumba iko na sanduku la mbao. Lakini kila nyumba iko na mzee, na kila duka liko na kalamu ya risasi. Jumapili hii, kisha ibada, mukamate foto moja ya nyumbani, mumuulize mama au nkambo: huyu ni nani? Mwandike nyuma yake wakati mwenye kujua angali anaweza kujibu. Mungu anamjua kila mmoja kwa jina lake. Na sisi tujifunze kufanya vile.